Ongeza Taa, Fundi

Tarehe 9 Januari

Kwa binti yangu Kibiriti,

Salamu hizi zikukute mzima, uwe kazini au umejilaza. Lile baridi la huko limeshakuachia kifua? Sisi hapa hatujambo, kasoro goti langu la kushoto, ambalo limeamua kustaafu kabla ya mwenyewe, na macho ya mama yako, ambayo ndiyo hasa yaliyonishikisha kalamu.

Daktari amesema ni mtoto wa jicho, yote mawili. Atapasuliwa, lakini foleni ni ndefu na zamu yake haitafika mwaka huu. Kwa sasa, anasema, tumwekee mwanga mzuri nyumbani. Nusura nimcheke. Hii ni nyumba ya fundi umeme. Miaka arobaini na miwili nimetia taa mtaa huu, kuanzia shule mpaka kiwanda cha mikate, na tulipokuwa vijana mama yako ndiye aliyekuwa akinishikia ngazi. Leo mimi nifundishwe habari ya mwanga na mtu ambaye swichi ya ofisini kwake imekaa upande?

Lakini nikwambie ukweli, nimeshangaa. Balbu ya sebuleni nimeibadilisha mara tatu. Kila nikiweka kali zaidi, mama yako anakaa siku mbili tatu, halafu ananiambia, "Ongeza taa, Fundi, sioni." Unamjua mama yako, hana mazoea ya kuomba kitu. Ukimsikia anaomba, ujue maji yamemfika shingoni. Anakaa chini ya taa inayoweza kuangulia vifaranga na bado anapapasa meza kutafuta kikombe chake. Roho inaniuma, mwanangu. Nimewaangazia watu wote, nimeshindwa kumwangazia mke wangu.

Nasikia huko kwenu kuna balbu ambazo hapa hazijafika. Nitafutie iliyo kali kuliko zote.

Usihangaike kunitafuta kwenye ile simu uliyotuletea, nimemwachia mama yako. Kioo chake hakionyeshi kitu, ni kama sahani iliyolala na vumbi. Na unisamehe mwandiko. Viwanda vya kalamu siku hizi vinabania wino, maandishi yanatoka kijivu.

Ni mimi,
Baba yako


Tarehe 27 Januari

Baba yangu,

Shikamoo, na shikamoo ya mama umfikishie bila kuipunguza. Kifua kimepona, asante. Goti lako liambie nimelikataza kustaafu mpaka nije likizo.

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko, nikacheka kwa ile ya vifaranga, kisha nikaacha kucheka. Baba, unajua kazi yangu. Katika hii nyumba ya kutunzia wazee nina wazee kumi na wanne ghorofani kwangu, na tisa kati yao macho yamechoka. Kitu cha kwanza nilichofundishwa hapa, kabla ya kutandika kitanda, ni taa. Najua wewe ndiye fundi na mimi ni yule aliyekuwa akikuchezea testa yako ya kupimia umeme. Lakini nisikilize mara moja tu.

Jicho lenye mtoto wa jicho ni kama kioo cha dirisha kilichopakwa maziwa. Ukikimulika kwa nguvu, mwanga wote unasambaa kwenye maziwa, na mtu haoni kingine. Kwa hiyo hatuweki taa moja kubwa. Tunaweka taa ndogo ndogo kadhaa, kila moja ina kofia inayoficha balbu, ili jicho lisiione balbu yenyewe, lione kile inachokimulika. Anayesoma tunamwekea taa yake karibu, ubavuni. Korido isiwe giza wakati sebule inawaka, maana jicho la mtu mzima linachelewa kuzoea. Na kila penye kipandio tunabandika utepe wa rangi kali ukingoni, mguu ujue sakafu inashuka wapi. Kuna mwalimu wa hesabu mstaafu hapa aliyekuwa hasomi tena. Tulichofanya ni kugeuza kiti chake akalipa dirisha mgongo, tukampa taa ya mezani. Sasa anatusahihisha mpaka matangazo ya ukutani.

Nimewatumia kifurushi. Ndani kuna taa sita zenye kofia na utepe wa njano. Utepe ni wa kile kipandio chetu, pale korido inaposhukia sebuleni. Kile kilining'oa meno mawili nikiwa na miaka sita, sijakisamehe.

Kuna jambo moja linanichanganya. Wazee wangu wenye macho kama ya mama, wengi wao ukiwasha taa kali wanakinga uso kwa kiganja, wanakuomba uizime. Mama anaomba iongezwe? Hebu muulize vizuri.

Bintiyo,
Kibiriti


Tarehe 20 Februari

Kibiriti wangu,

U hali gani? Sisi tunaendelea, goti limekubali kurudi kazini kwa nusu siku. Mama yako anakusalimu, anauliza kama unakula au unakunywa chai tu kama ulivyozoea.

Kifurushi kimefika salama. Nimekaa nacho mezani kama daktari na mgonjwa. Mwanangu, zile taa umeziona kweli kabla ya kuzifunga? Zinatoa mwanga wa kumbembelezea mtoto alale. Halafu mnazivika kofia. Nimefanya kazi hii miaka yote, sijawahi kuitwa na mteja akaniambia, "Fundi, niwekee taa, halafu uifunike." Nimezivua kofia zote sita na kutia balbu za maana. Mama yako amezichukua zile kofia kuhifadhia vifungo. Utepe wa njano nao ni mzuri sana, umeshika vizuri, nimefungia mpini wa bisibisi yangu. Siku hizi hiyo bisibisi ilikuwa inanipotea potea mezani, sasa naiona mara moja.

Usinune. Nimemuuliza mama yako kama ulivyosema. Nilimuuliza polepole, bila kumharakisha: taa zinakutosha au zinakuumiza? Akaniangalia. Akasema, "Ongeza tu, Fundi." Basi. Wewe una wazee wako kumi na wanne, mimi ninaye mmoja, na nimelala naye kitanda kimoja tangu kabla hujazaliwa.

Halafu nimepata dawa. Kuna ghala limefungwa karibu na kiwanda cha mikate, na msimamizi wake amenipa taa ya uwanjani, zile zinazomulika maegesho ya malori. Nimeshaipigia hesabu. Nitaifunga juu ya ukuta wa sebule ikitazama korido, imulike moja kwa moja mpaka mlango wa chumba chetu. Mama yako akitoka chumbani atafikiri jua limehamia kwetu. Nataka kumshtukiza, kwa hiyo usimwambie kwenye simu.

Kuhusu kazi, zipo, ila viwanda vinatuharibia majina. Mwokaji mikate aliniita kulalamika, eti nimeunga waya wa bluu mahali pa mweusi na swichi ikatoa cheche. Hakuna aliyeumia. Nilipoangalia nikaona kosa si langu, hizo rangi wanazipaka zinafanana kabisa siku hizi. Zamani bluu ilikuwa bluu.

Baba yako


Tarehe 6 Machi

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, naandika nimesimama, mtu wa posta anakusanya barua.

Usifunge hiyo taa ya malori. Nakuomba kama mtoto wako. Nimeusoma ule ukurasa wako mara tatu na kila mara nimeishia kuona kile kipandio. Ukiiweka pale ulipoeleza, itampiga mama usoni haswa anapofika ukingoni, na utepe uko kwenye bisibisi. Zirudishie kofia zile taa ndogo. Ukiniona nimekosa adabu, nitakuja kuomba radhi kwa magoti, lakini taa hiyo iache chini.

Simu ya mama inaita bila kupokelewa tangu juzi. Niambieni mko salama.

Kibiriti


Tarehe 2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Natumaini wewe ni mzima, maana jana nimegundua kwamba kwenu sijui ni nani mzima na nani si mzima.

Nilimpigia jirani yetu fundi viatu, baada ya wiki nne za kupiga simu isiyopokelewa. Nilitaka tu aende agonge mlango. Akaniambia, kama mtu anayenikumbusha ninachokijua, "Mama yako anaendelea vizuri hapo hospitali, ile nyonga wameshaitia vyuma." Nilikuwa nimeshika trei ya dawa. Niliiweka sakafuni, nikakaa kando yake. Msimamizi wangu alinikuta hapo, akafikiri nimeanguka.

Nyonga ya nani, Baba? Vyuma lini? Fundi viatu anasema ni tangu tarehe mbili Machi. Kwa hiyo nilipokuandikia usiifunge, mama alikuwa ameshalala hospitali siku nne. Mwezi mzima. Nimeosha miguu ya mama za watu, nimewashika mikono wasijikwae, na wangu amelala na vyuma mwilini nami sijui.

Sikuelewi. Nimejaribu kukasirika, hasira hainijii vizuri, kila mara inakatika katikati. Nataka unieleze wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Usinifiche hata dakika moja ya siku hiyo. Alianguka wapi, alikuwa anafanya nini, na taa ilikuwa ipi.

Kibiriti


Tarehe 19 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Sijui kama nina haki ya kukuuliza hali yako. Mama yako anaendelea. Wamemsimamisha juzi akiwa ameshika fremu ya kutembelea, akapiga hatua nne, akasema ya tano ataiuza.

Umetaka nikueleze. Nimeanza barua hii mara sita.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Nilimaliza kuifunga taa ile mama yako akiwa chumbani anakunja nguo. Nilishuka kwenye ngazi, nikajipangusa mikono, nikasimama hapa sebuleni kidole kikiwa kwenye swichi. Moyo ulikuwa unanidunda kama wa kijana anayesubiri majibu ya posa. Nikamwita, "Njoo uone." Akaitika. Nikasikia kandambili zake koridoni, zikija haraka. Nikangoja mpaka nikahisi amefika karibu, nikaiwasha.

Nilitaka kumwona uso wake akifurahi. Nilimwona akiinua mkono mbele ya macho, kama unavyosema wazee wako wanavyofanya. Mguu ukaenda mbele, na mbele hapakuwa na sakafu. Hakupiga kelele. Nilisikia mfupa, Kibiriti. Nimeishi miaka sabini na moja, sijui mlio mwingine wa kuulinganisha na ule.

Taa ilibaki inawaka. Mimi nilibaki na kidole kwenye swichi. Fundi viatu ndiye aliyeingia mbio, ndiye aliyeniondoa mkono pale ukutani. Barua yako ya kunikataza ilifika siku kumi na nne baadaye. Niliisoma nimekaa kwenye kipandio hicho hicho.

Nilinyamaza, hata simu ya mama yako nikaiacha iite hapa nyumbani, kwa sababu sikujua niiandike vipi sentensi hii: mimi ndiye niliyemwangusha mama yako. Sikumsukuma, nilimwita. Nimeshamwambia, hapo kitandani kwake. Yeye akanijibu, "Si wewe, Fundi, ni miguu yangu." Amelirudia hilo kila siku mpaka wauguzi wanaliamini.

Madaktari wanasema atarudi nyumbani mwishoni mwa Mei. Akianguka tena, hatasimama. Wamenitazama mimi waliposema hivyo. Nimewasha na kuzima kila taa ya nyumba hii na sijui tena ipi ni nzuri na ipi ni mbaya. Niambie la kufanya, nitafanya bila kubisha.

Baba yako


Tarehe 3 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Pole, na pole hiyo ni ya kweli. Nimelia, nimenawa uso, nimerudi kazini. Nilikuwa na maneno makali niliyoyaandika kwenye karatasi nyingine. Hiyo nimeichana.

Una wiki tatu. Kuwekewa orodha ya taa hakutakusaidia, kwa sababu orodha ulikuwa nayo ukaivua kofia. Nataka ufanye kitu ambacho kila mfanyakazi mpya hapa hufanyishwa siku yake ya kwanza. Chukua miwani yako ya zamani. Vipake vioo vyote viwili mafuta mazito ya kujipaka, tabaka jembamba, nje. Ivae. Halafu muombe fundi viatu akushike mkono, asikuachie, washa taa zako zote kama zilivyokuwa siku ile, na utembee kutoka chumbani mpaka sebuleni. Hivyo ndivyo mama anavyoona.

Ukishatembea, zima ile kubwa. Rudisha zile sita na kofia zake, utembee tena. Kila taa utaiweka mahali ambapo mwenye miwani ya mafuta anaihitaji, si mahali ambapo ngazi inafika kwa urahisi. Utakuwa unajifunza upya, Baba, na najua haitakuwa rahisi. Lakini mkono wa kazi unao, kilichokosekana ni macho ya mama. Basi yavae.

Wako,
Kibiriti


Tarehe 31 Mei

Kibiriti wangu, mwalimu wangu,

Hujambo? Mama yako karudi tangu Jumanne. Yuko kwenye kiti chake sasa hivi, dirisha liko mgongoni kwake, anachambua vifungo na kulalamika kwamba kofia zilikuwa makopo mazuri kuliko makopo. Nyonga inamuuma asubuhi tu. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu inayofuata itakushtua. Utaona pia naandika kwa kalamu nene ya kuandikia maboksi. Nayo nitaieleza.

Nilifanya kama ulivyosema. Fundi viatu akaja, akaacha kiatu cha mtu na sindano ndani yake. Nikachukua miwani, nikapaka mafuta kioo cha kulia kwanza. Nikaivaa, macho yote mawili wazi, ili nione kama nimepaka vizuri. Nikaona sawa na siku zote. Nikasema mafuta ni kidogo. Nikaongeza. Sawa tu. Nikaongeza tena mpaka fundi viatu akasema, "Mzee, hiyo sasa ni siagi." Nikamwambia bado haijashika.

Nikaivua miwani, nikafumba jicho la kushoto ili nilipime la kulia peke yake. Nikatazama saa ya ukutani. Haikuwepo. Nikatazama mlango, nikaona weupe mahali pa mlango. Nikamtazama fundi viatu, ambaye alikuwa mbele yangu hatua mbili, na kilichokuwa hapo ni kivuli kinachoniuliza kama niko sawa. Hapakuwa na mafuta yoyote, mwanangu. Lile ni jicho langu. Sijui limekufa lini. Nimeishi humo ndani yake na sikuwa na habari.

Sikukumbuka hata kulifumbua lile lingine. Fundi viatu ndiye aliyesema, "Fumbua, mzee." Nikalifumbua la kushoto, nalo ndilo hilo la kalamu za kijivu, waya wa bluu uliogeuka mweusi, na simu yenye vumbi. Viwanda vyote nilivyovitukana havikuwa na kosa.

Basi nikapaka kioo cha kushoto, nikasema twende. Tukawasha ile taa ya malori. Nimeshapigwa na umeme mara nne maishani mwangu na zote nilizizoea baada ya dakika chache. Hii sijaizoea. Ukuta, sakafu, mkono wangu mwenyewe, vyote vilifutika, pakabaki weupe unaochoma. Nilijua kipandio kiko pale, nilikijenga mwenyewe. Nikaweka mguu kwa uangalifu wote wa dunia, na bado fundi viatu alinidaka kwapani. Tulikaa chini wote wawili. Nikasema, "Na mimi nilimwita aje haraka." Akanijibu, "Tuizime, mzee." Tukaizima.

Nimekwenda kwa daktari wa swichi ya upande. Yote mawili, amesema, na la kulia lilipaswa kupasuliwa miaka miwili iliyopita. Nina miadi Julai. Mpaka hapo nimeweka testa kabatini, siungi waya wa mtu. Nyumbani kazi ameifanya yule binti niliyemfundisha ufundi zamani, ambaye sasa ana kampuni yake na buti nzuri kuliko zangu. Yeye akiwa juu ya ngazi, mimi chini na miwani yangu ya mafuta, namwelekeza: shusha, sogeza, hiyo naiona balbu, ifiche. Siku mbili. Taa sita zimerudi na kofia zao. Mbili ziko chini koridoni, zinamulika sakafu tu. Moja iko ubavuni pa kiti cha mama yako na moja ubavuni pa changu, kila mtu na swichi yake, na mbili zilizobaki ziko chumbani. Utepe wa njano nimeubandua kwenye bisibisi na kuubandika ukingoni. Unaonekana hata mimi nikiwa na miwani.

Kitu kimoja kinanishangaza. Nilimweleza mama yako habari ya jicho langu siku aliporudi. Nilijiandaa, nilimshika mkono, nilidhani atalia. Akasema tu, "Pole, Fundi," akaendelea kunywa chai. Hata hakushtuka. Nimesema labda ni zile dawa za maumivu.

Ameniomba nimwachie nafasi chini ya karatasi akusalimie. Mimi natoka kununua bahasha.

Baba yako


Mwanangu,

Mama nakusalimu. Nimeshapona nusu, nusu iliyobaki naidai.

Naandika kwa penseli chini ya taa yangu ya ubavuni, na herufi hizi ndogo, baba yako hawezi kuziona. Nimejaribu kwanza kwenye gazeti, akapitisha macho juu yake akaniuliza bei ya vitunguu. Barua hii ukishaisoma ibaki kwako. Akishapasuliwa atasoma kila kilichoandikwa humu ndani, mpaka vikaratasi vya dawa.

Si dawa za maumivu. Nilijua habari ya jicho lake mwaka jana, siku alipoingia chumbani akaliambia koti langu lililoning'inia mlangoni kwamba anatoka na atachelewa. Akangoja jibu. Nikajibu nikiwa kitandani nyuma yake, akaondoka. Baadaye nikaanza kumtazama. Alikuwa anazipapasa nyaya kwa kucha kabla ya kuziunga. Alikuwa anamimina chai kando ya kikombe na kulilaumu birika. Niliogopa. Nikimwambia huoni, ataweka bisibisi chini, na huyo mwanamume sijawahi kumjua bila bisibisi. Wewe mwenyewe unakijua kichwa chake, asingekubali kuwekewa taa kwa ajili yake. Kwa ajili yangu angewasha mji.

Basi nikawa namwambia, ongeza taa, Fundi, sioni.

Kila aliyoongeza ilimsaidia, niliona hatua zake zikinyooka. Mimi zilinichoma. Kwa hiyo humu ndani nilikuwa natembea nimefumba macho, nahesabu. Kutoka kitandani mpaka kipandio ni hatua kumi na tatu. Sikuwahi kukosea. Ile asubuhi aliniita kwa sauti ya furaha ambayo sikuwa nimeisikia siku nyingi, nikaharakisha, hesabu ikanipotea. Nikafumbua nione nimefika wapi, na ndipo alipowasha.

Anajilaumu, na siwezi kumtoa kwenye lawama hiyo bila kumpa nyingine kubwa zaidi. Usimwambie. Nitamwambia mwenyewe siku atakayoweza kuniona uso vizuri ninapolisema.

Jana alinisindikiza koridoni, nimeshika fremu, yeye ameishika pia. Tulipokaribia akasimama. Akaniuliza, "Unakiona kipandio?"

Nikafumbua macho, nikamwambia nakiona.

Mama